MKANDA WA MTEJA HAUNA WA PILI: Jinsi ya kumpima fundi wa kuhamisha video kabla hujampa kazi



Leo somo ni refu kidogo, tenga muda. Linahusu kuhamisha kanda za video za zamani, zile kubwa za deki, kwenda kwenye flashi au DVD. Hata kama huuzi huduma hii, soma tu. Kila anayepokea oda mtandaoni halafu kazi inafanywa na mtu mwingine, iwe kushona, kuprinti fulana au kutengeneza simu, atajikuta humu ndani.

Mimi nina fremu ndogo Muleba mjini. Nauza flashi, memori kadi, kava na chaja, na napiga picha za pasipoti. Niliishia kidato cha nne. Haya mambo nimejifunza kwa kuuliza, kwa kuangalia video za YouTube usiku, na kwa kuharibu. Leo naanza na ile niliyoharibu.

KAZI ILIVYOANZA

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, lakini deki za video zilishaingia kwenye nyumba za watu kabla ya hapo. Wazee wa huku wananiambia nyingine zilinunuliwa kwa hela ya kahawa, nyingine zililetwa na ndugu walioko nje. Kufika mwisho wa miaka ya 90 harusi kubwa ilikuwa lazima iwe na mpiga video mwenye kamera begani. Zile kanda bado zipo juu ya makabati, Bukoba, Kamachumu, Rubya, kila mahali.

Zisizokuwepo ni deki za kuzichezea. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kabisa Julai 2016. Kilichobaki ni deki zilizotumika na vipuri vya kuokoteza.

Nikaona hapo kuna hela. Nikaposti stetasi ya WhatsApp: "Tunahamisha kanda zako za harusi kwenda kwenye flashi, 35,000 tu." Wiki ya kwanza oda nne! Deki sina, kwa hiyo nikawa winga. Napokea mkanda, nampelekea fundi, naweka cha juu.

Nilikuwa na namba za mafundi wawili. Wa kwanza alitaka 15,000 kwa mkanda mmoja na akaniambia nimpe wiki. Wa pili alitaka 6,000 na akasema, "Kesho unachukua bosi wangu." Nikampa wa pili. Sikuwahi kuiona deki yake.

Oda ya tatu ilitoka kwa dada mmoja anayeishi Dar. Mkanda ulikuwa kwa mama yake, upande wa Kamachumu. Ilikuwa harusi ya dada yake mkubwa, mwaka 1998. Mama akauleta mwenyewe, ameuviringisha kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Humu ndani mzee wangu anaongea. Anamuaga binti yake, anamuombea kwa Kihaya. Alishafariki. Sauti yake sina mahali pengine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hiyo "usiwe na wasiwasi" niliitoa mdomoni tu, sikuwa na sababu yoyote ya kuisema.

Kesho yake nikaletewa flashi. Nikaangalia mwanzo, picha nzuri. Bahati niliiacha iendelee huku nahudumia wateja. Kwenye saa moja na kitu nikamwona mzee anasimama, anapewa maiki, anakohoa kidogo. Picha ikaruka. Nikaona watu wanakata keki.

Nikampigia fundi. "Aah, hapo deki ilikula mkanda kidogo, nikakata palipoharibika nikaunganisha. Ni kipande kidogo tu bosi, kama mita mbili."

Sasa nikufundishe hesabu ambayo mimi nilichelewa kuijua. Mkanda wa VHS wa mfumo wetu, ukirekodiwa kwa spidi ya kawaida, unatembea sentimita 2.34 kwa sekunde. Mita moja ni kama sekunde 43. Mita mbili ni kama sekunde 85. Yule mzee hakuongea sana. Baraka zake karibu zote zilikuwa ndani ya hizo mita mbili.

Kiukweli shetani alinijia. Nilifikiria nimkabidhi tu flashi, nikae kimya, akija kulalamika niseme mkanda ulikuwa mbovu. Nikashindwa. Nikapanda gari nikaenda nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza swali moja: "Na hicho kipande alichokata kiko wapi?"

Nikapiga simu pale pale. Fundi alikuwa ameshakitupa.

Baadaye nilijifunza kwamba mkanda uliokunjamana mara nyingi unaweza kunyooshwa taratibu, ukaunganishwa kwa utepe maalumu na kuchezeshwa hata mara moja. Picha inakuja na michirizi, lakini sauti unaweza kuipata. Kile kipande kilikuwa bado na thamani, kikaenda jalalani kwa sababu sikumwambia fundi chochote zaidi ya bei.

Hela ya yule dada nilirudisha yote 35,000, na flashi nikawaachia. Sasa tuingie kwenye somo.

1. JUA UNAPOKEA MKANDA GANI

Usipokee ukijua tu ni "mkanda". Ule mkubwa kama kitabu ni VHS. Kuna mdogo wake unaoitwa VHS-C, huo unahitaji kasha la kuuvalisha ndipo uingie kwenye deki. Kuna Video8 na Hi8, na kuna kale kadogo kabisa, MiniDV. Hizo tatu za mwisho haziingii kwenye deki ya VHS kabisa, zinahitaji kamera yake au mashine yake. Ukimpigia fundi, mtajie jina lililoandikwa kwenye mkanda.

Uliza pia mkanda ulirekodiwa wapi. Tanzania tunatumia mfumo wa PAL. Mkanda uliotumwa na ndugu wa Marekani utakuwa NTSC. Kwenye deki ya PAL tupu picha inaweza kuja bila rangi, inapanda na kushuka, au isije kabisa. Fundi anayejua kazi atakuuliza hili kabla wewe hujamuuliza. Asipouliza, weka alama kichwani.

2. NENDA UKAIONE DEKI

Usichague fundi kwa simu. Mimi siku hizi napanda basi mpaka Bukoba, nakaa kwenye kibanda chake, natazama. Naangalia mambo haya:

- Ana deki ngapi zinazofanya kazi? Mwenye moja, ikigoma kazi yako inalala.
- Anasafisha vichwa vya deki kila baada ya muda gani, na kwa nini? Jibu zuri ni spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Akikuonyesha vijiti vya pamba vya masikioni, shika mkanda wako uondoke. Nyuzi zake zinanasa kwenye vichwa na zinaweza kuvivunja.
- Mkanda ukikwama anafanyaje? Anayesema "navuta tu" ndiye aliyenitia hasara. Anayefungua deki na kuutoa taratibu kwa mkono, huyo mfikirie.
- Umeme ukikatika katikati ya kazi? Mkanda unabaki umezungushwa kwenye vichwa. Sikiliza kama ana utaratibu au anasubiri tu urudi.

Anayekataa usione deki yake, labda naye ni winga kama wewe. Sio dhambi, ila mkanda wa mteja utapita mikono mitatu na hutajua nani aliuharibu.

3. PIGA HESABU YA MUDA

Hapa makanjanja wanaumbuka haraka. Mkanda wa VHS hauhamishwi kama unavyokopi nyimbo kwenye simu. Lazima uchezwe mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta inarekodi. E-180 iliyojaa ni dakika 180, yaani saa tatu kamili, na hapo hujahesabu kusafisha na kukagua. Deki moja kwa siku ya kazi ya saa nane ni kanda mbili za namna hiyo, ya tatu haimaliziki.

Kwa hiyo fundi mwenye deki moja anayekuahidi kanda kumi kesho, jua kuna kitu anaruka. Ama hakagui, ama haangalii kabisa mkanda unavyotembea. Yule wangu wa 6,000 aliiacha deki inacheza akaenda kula. Aliporudi mkanda ulikuwa nje kama tambi.

4. MPE MKANDA WAKO KWANZA

Kama utasahau vyote, shika hiki. Tafuta mkanda usio na maana kwako. Mimi nilinunua kanda mbili za filamu za zamani kwa mtu aliyekuwa anazitupa. Mpeleke nao fundi kama mteja wa kawaida na umlipe bei yake kamili. Kazi ikirudi, kaa chini uikague hivi:

- Angalia mwanzo, katikati na mwisho. Wengi wanakagua dakika mbili za mwanzo tu, kama nilivyotaka kufanya mimi.
- Watu wamekuwa wanene ghafla? Picha ya zamani ni karibu mraba. Fundi mvivu anaivuta ijaze skrini pana.
- Mtu akitembea haraka, pembeni yake kuna mistari kama meno ya chanuo? Hapo programu haikupangwa vizuri.
- Sauti inaenda sawa na midomo? Angalia hasa mwishoni, huko ndiko inakoachana.
- Unasikia bodaboda au kuku wakati kwenye video watu wako kanisani? Huyo ameitegesha simu mbele ya TV akarekodi. Wapo! Angalia pia mng'ao wa taa kwenye kioo na kingo za TV zilizopinda.
- Mkanda wenyewe umerudi salama? Nyanyua mfuniko wake mdogo kwa kubonyeza kitufe cha pembeni, tazama utepe. Uwe laini, usiwe na mikunjo wala selotepu.

Nilipofanya hivi nilipima mafundi watatu. Mmoja tu alifaulu, na ni yule wa 15,000 niliyemkimbia mwanzoni.

5. UKUNGU, MAJI NA VUMBI

Huku kwetu hili ni kubwa. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa upo muda wote. Mkanda uliokaa miaka 20 juu ya kabati unaota ukungu. Tazama kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au madoa kama nyuzi za buibui juu ya utepe, USIUCHEZE na usimruhusu mtu "ajaribu kidogo aone". Ukungu unachafua vichwa vya deki na kuhamia kwenye kanda za wateja wengine. Lazima usafishwe kwanza. Kazi hiyo ina bei yake na sio kila fundi anaiweza.

Kuna wateja wa Hamugembe ambao nyumba zao zilibomoka kwenye tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Vitu vyao vililala nje, vikanyeshewa. Mmoja aliniletea kanda tatu zenye mchanga ndani, ukitikisa unausikia. Zamani ningesema "lete tu mama". Sasa nilimwambia ukweli: moja tujaribu, mbili tuziache mpaka tupate mtu wa kuzifungua na kuzisafisha. Hakukasirika. Mteja hukasirika akishaahidiwa.

6. KIJINO CHA NYUMA

Mgongoni mwa mkanda wa VHS kuna kijino kidogo cha plastiki. Kikiwepo, mtu akibonyeza REC kwa bahati mbaya anafuta harusi. Kikivunjwa, deki inagoma kurekodi. Mimi navunja mbele ya mteja, kwa ruhusa yake, kabla mkanda haujatoka dukani. Kama tundu limezibwa kwa selotepu, nabandua. Kwenye zile kanda ndogo kuna kiswichi cha kusogeza. Ni sekunde tano tu za kazi.

7. ANDIKA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mkanda naupa namba, naupiga picha mbele na nyuma, naandika hali yake, naandika ni sehemu gani mteja anaijali kuliko zote. Ningeandika "hotuba ya baba" kwenye ule wa 1998, fundi angekaa pale kuutazama.

Na fundi ninakubaliana naye kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp:

- Hakati chochote bila kunipigia.
- Hatupi chochote. Hata kipande kilichochanika kirudi kwenye bahasha.
- Mkanda wa asili unarudi pamoja na flashi.
- Hafuti faili kwenye kompyuta yake mpaka mteja athibitishe amepokea na amekagua. Akishathibitisha, anafuta.
- Nusu ya hela kabla, nusu baada ya kukagua.

Kusafirisha: mimi nabeba mwenyewe. Ukilazimika kutuma Mwanza kwa basi au kwa meli, funga kwenye nailoni, zungushia magazeti, weka kwenye boksi gumu, andika "isilowe". Usiweke karibu na spika kubwa, sumaku yake ni adui wa mkanda. Na kama kanda ni nyingi, usizitume zote safari moja.

8. SIRI YA MTEJA NA KAZI ZA WATU

Kwenye kanda za send-off kuna mambo. Kuna mjomba amelewa, kuna watoto, kuna watu walishaachana. Fundi asirushe hata sekunde kumi kama tangazo lake, na wewe pia usiposti bila ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, Muleba ni ndogo, watu wanajuana.

Mteja akikuletea filamu au kanda ya kwaya anataka kopi 50 za kuuza, simama. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kopi inatoka kwa ruhusa ya mwenye kazi. Video ya familia yake mwenyewe, hiyo hamisha.

9. FLASHI INAYOGOMA

Flashi nyingi zinakuja katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Harusi ya saa tatu inaweza kuzidi hapo. Muulize fundi: utaikata vipande au utabadilisha mfumo wa flashi? Vyote ni sawa, ila TV nyingine hazisomi mifumo mingine. Jaribu kwenye TV ya kawaida kabla ya kukabidhi, sio kwenye kompyuta tu. Mteja wako ni mama aliyeko kijijini, atachomeka nyuma ya TV yake.

10. SASA TUONGEE HELA

Bei yangu ilikuwa 35,000. Fundi wa 15,000, flashi 10,000, usafiri 3,000 nikigawa kwa kanda kadhaa. Nabaki na 7,000. Kwa fundi wa 6,000 ningebaki na 16,000. Tofauti ni 9,000.

Hiyo 9,000 ndiyo iliyonifanya nisiende kuangalia deki. Nikarudisha 35,000, nikapoteza flashi, nauli, na 6,000 ya fundi ambaye hakunirudishia hata shilingi. Na yule mama amepoteza kitu ambacho hakuna duka linalouza.

Leo natoza 40,000 na naeleza kwa nini. Wapo wanaosema ghali, wanaenda. Waliobaki wananiletea ndugu zao.

Mwaka uliofuata yule mama alirudi. Sikutegemea. Alikuwa na mkanda mwingine, wa jubilei ya kanisani, mzee wake anaonekana kwa mbali amekaa na wanaume wenzake, haongei. Kabla hajaufungua kitenge akaniuliza, "Huyu fundi wa sasa umemjaribu?"

Nikamwonyesha kwenye TV ya dukani kazi ya ule mkanda wangu wa majaribio. Akatazama kama dakika kumi, akiwa amesimama. Ndipo akanipa.

KAZI YA NYUMBANI: Wiki hii chukua fundi mmoja unayemtegemea, wa kitu chochote unachouza. Mpe kazi yako mwenyewe, ulipe bei kamili, uikague kama mteja mgumu. Ukiogopa kufanya hivyo, basi jibu unalo tayari.

Mtumie somo hili winga mwenzako.